Duka la Korongo, na Justina Yuko Ng'ambo

Ijumaa, 1 Januari 1971

Mwaka mpya. Nimefungua duka nusu siku tu. Runzewe nzima imekwenda misa Ushirombo, wenye baiskeli kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Sisi hatukwenda. Binti yangu Salvina alikuwa na homa asubuhi. Sasa anakimbiza kuku, homa imekwenda wapi sijui!

Naanza kuandika kwa sababu sina wa kumsimulia. Zamani nikikata sabuni, mke wangu Justina yuko upande wa pili wa kaunta anapima chumvi, tunaongea. Fulani kapita na ng'ombe mgonjwa. Fulani kanunua kanga mbili, moja ya nani? Mambo madogo. Tangu aondoke Novemba naongea na mizani.

Leo mpita njia wa Kahama ameuliza kama duka hili ni la Mganda, kwa sababu ya korongo aliyechorwa ukutani. Nikamweleza. Duka ni langu, nimeachiwa na baba, marehemu mzee Maduhu. Ila tumejiunga na Umoja wa Maduka ya Korongo, ulioanzia Masaka. Sasa korongo yuko Bukoba, yuko Biharamulo, yuko Buseresere, hata Kisumu kwa Wakenya. Kila duka na mwenyewe. Tunachoshirikiana ni ndege, lori, na kununua kwa pamoja ili tupate nafuu. Akasema, kumbe mko kama ukoo. Ndiyo, nikamwambia, ukoo wa watu wasioonana.

Sikumwambia kwamba Umoja ulitaka kila nchi itoe mtu mmoja akajifunze biashara Masaka, na mimi nikamtoa mke wangu. Watu wanacheka bado. Kuuza duka nako kunafundishwa? Na kama kunafundishwa, mbona hakwenda mwanamume? Jibu ninalo ila silisemi. Anayelijua duka hili ni yeye. Mimi nina jina tu pale juu ya mlango.

Jumanne, 12 Januari

Lori la Umoja limefika! Thobias, dereva, Mhaya wa Muleba, mtu wa maneno mengi. Ameshusha sukari, viberiti, majora ya khaki. Mimi namzunguka kama mbwa jikoni.

Justina hajambo, anasema. Amenenepa. Anaongoza wenzake. Ametuma salamu kwa mtoto, kwa mama mkwe, kwa majirani. Na kwangu? Thobias akakuna kichwa. "Amesema sukari isikae karibu na mafuta ya taa. Inavuta harufu."

Nilicheka hadi wateja wakageuka. Miezi yote hii, na hilo ndilo neno la kunitumia! Kisha nikatazama. Sukari na mafuta ya taa, bega kwa bega. Nimehamisha.

Nilitaka kumwuliza Thobias mengine. Anacheka bado kwa kuziba mdomo? Analala na nani chumbani, wanawake wangapi, wanamtendea vizuri? Nikaona haya. Nikauliza habari za barabara ya Kyaka.

Jumatatu, 25 Januari

Jeshi limeshika serikali Uganda. Redio imesema. Duka limejaa watu kusikiliza, hakuna anayenunua, hakuna anayekohoa. Muziki, kisha taarifa, kisha muziki.

Salvina akanishika mkono. "Kampala ni karibu na mama?"

"Hapana. Mbali."

Sijui kama ni mbali. Ramani ninayoijua mimi ni ya lori la Thobias.

Jumamosi, 30 Januari

Hakuna lori. Hakuna habari.

Jumatatu, 8 Februari

Hakuna lori. Sukari imekwisha. Wanawake wa kutoka machimboni Geita walipita wakitafuta unga wa ngano, sina. Wakasema hata Buseresere korongo ana njaa.

Jumapili, 14 Februari

Siku ndefu. Balozi wetu wa nyumba kumi, Maganga, amekuja baada ya ibada ya kigango. Ni mtu mwema, tulichunga pamoja utotoni. Hakukaa. Alisimama akitazama ukuta.

"Marselino, huyo ndege."

"Ana nini?"

"Ni ndege wa bendera ya Uganda."

"Ni ndege wa duka, Maganga. Umemwona hapa miaka mingapi?"

"Mimi namjua. Wewe unamjua. Anayepita kwenye gari hamjui." Akapunguza sauti. "Na mkeo yuko huko huko. Watu wanaunganisha. Mpake chokaa tu, ndugu yangu, mambo yakitulia utamchora tena."

Sikubishana. Nilichanganya chokaa mchana. Salvina alipoona nimeanza na miguu ya korongo alilia kilio cha msiba. Ndipo nikakumbuka. Siku ya kuchora, mama yake ndiye aliyeshika kopo la rangi, mimba kubwa, akisema shingo ifanyeni ndefu zaidi, huyu amekuwa bata. Mchoraji alikasirika. Shingo ikarefushwa.

Nimepaka yote. Jioni jirani akamtuma mtoto, nikamsikia kwa masikio yangu: nenda pale kwa Korongo ukalete kiberiti. Ukuta mweupe kabisa, na bado ni kwa Korongo.

Jumatano, 24 Februari

Jumatano ya Majivu. Mama yangu amekuja kutoka kijijini. Mayu Mbuke mwenyewe, na kuku wawili, na msichana.

Msichana anaitwa Apolonia. Amekuja kusaidia kupika, mama anasema. Sikuuliza kitu. Nilijua.

Jumamosi, 13 Machi

Thobias! Amekuja na lori nusu tupu, uso umechoka. Wanajeshi barabarani, anasema, kila mahali shuka, fungua, eleza. Lakini habari ni njema. Umoja umewahamisha wanafunzi wote Kisumu tangu mwezi uliopita. Kuna duka kubwa la Korongo pale karibu na gati. Wako salama. Justina yuko salama!

Nilikwenda nyuma ya duka nikasimama kati ya magunia matupu. Sikulia. Nikayakunja moja moja, yote.

Kisha nikajiuliza. Kisumu ni ng'ambo ya ziwa. Masaka nilikuwa naiwazia kwa barabara, naifuata kwa akili mji kwa mji hadi kwake. Ziwa nitalifuataje?

Alhamisi, 25 Machi

Ndoto. Anapima chumvi, hanitazami. Namwita, anasema ngoja nimalize.

Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili

Misa Ushirombo, sote wanne. Padri alihubiri juu ya kaburi tupu. Nyuma yangu wanawake wawili wakanong'onezana, wanadhani sisikii. Mmoja kauliza yule ndiye mke mpya? Mwenzake kasema bado, ila mahari inazungumzwa.

Mahari inazungumzwa! Na mimi sijui!

Tuliporudi nikamkabili mama. Hakukana. "Ng'wanone, mwanangu," akasema, "mji bila mwanamke ni boma bila mlango. Huyo wako amekwenda kusoma sukari. Atarudi lini? Baba yako angekuwa hai ungethubutu?"

"Mayu, nina ndoa ya kanisani."

"Kanisa linakupikia?"

Nilikwenda dukani ingawa ni sikukuu, nikafuta rafu ambazo hazina vumbi. Apolonia akanifuata. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kaka Marselino, shikamoo."

"Marahaba. Ingia."

"Nasemea hapa hapa." Alitazama nje wakati akisema. "Mimi nimeletwa kama mbuzi wa mnada. Hakuna aliyeniuliza. Kama unanitaka, sema nijue. Kama hunitaka, mwambie mama, maana mimi siwezi kumwambia. Kuna mtu Masumbwe ananisubiri, fundi cherehani. Hana ng'ombe, ndiyo maana hasemwi."

Nikamwambia simtaki. Nikaogopa nimemwumiza. Alicheka! Mara ya kwanza namsikia akicheka katika nyumba hii. Akasema basi nifundishe mizani, kazi ya kupika imenichosha.

Jumanne, 13 Aprili

Nimezungumza na mama mbele ya Maganga, awe shahidi. Nimesema sioi. Mama ameacha kusema na mimi. Anasema na kuku.

Ijumaa, 30 Aprili

Apolonia ana mkono wa duka. Mama ameanza kusema nami tena, kidogo, kupitia kwa Salvina. Mwambie baba yako chakula tayari.

Jumanne, 18 Mei

Naandika sasa hivi, nisisahau neno.

Thobias amefika mchana. Hakushusha mzigo kwanza. Aliomba chai, akakaa kwenye kreti, akashika kikombe bila kunywa.

"Shemeji, nimetumwa maneno. Nimeambiwa niyaseme yote, nisipunguze."

"Sema."

"Mama mwenye duka la Kisumu amezeeka. Anarudi kwao akapumzike. Umoja umetazama wanafunzi wote, umeona alishike Justina."

"Alilinde?"

"Si kulilinda. Liwe lake. Unajua sheria yetu, kila duka na mwenyewe. Umoja utamdhamini. Jina lake juu ya mlango."

Apolonia aliacha kupima. Mama, pale uani, aliacha kutwanga.

"Na mimi?" nikauliza.

"Hapo ndipo alinikaririsha kama katekisimu. Amesema: Mwambie Baba Salvina sijamkimbia. Namwita. Aje na mtoto. Akitaka nirudi Runzewe, nitarudi, wala sitamnung'unikia. Lakini aniambie kwa kinywa chake, nikimwona kwa macho. Asinitumie jibu kwa dereva."

Thobias akanywa chai yote kwa mara moja, kama mtu aliyetua mzigo.

Nikauliza anaonekanaje? Safari hii sikuona haya. Akafikiri. "Anatembea haraka," akasema. "Watu wazima wanamwita Madam. Lakini nilipotaja mtoto, alikaa chini."

Jumatano, 19 Mei

Sijalala vizuri. Najiuliza. Akirudi kwa sababu nimesema rudi, nitakuwa nimempata nani?

Lakini duka la baba! Mzee Maduhu aliuza ng'ombe wake wote akajenga hapa wakati njia panda ilikuwa pori na fisi. Amezikwa hapo nyuma. Kila asubuhi nikifungua mlango namsalimu, mwangaluka baba. Kisumu nitamsalimu nani?

Jumapili, 6 Juni

Mama amezungumza leo, ana kwa ana. Amesema, "Unakonda." Basi. Akaniongezea ugali.

Jumatatu, 21 Juni

Kuna harufu ya kanga mpya ikifunguliwa. Gundi, rangi, kitu kama mvua. Justina alikuwa anaweka uso kabisa, anavuta pumzi, kisha anaikunja vizuri mteja asijue. Leo nimefanya hivyo. Mteja akaniona. Mzee wa watu akasema pole sana, mwanangu, akaondoka bila chenji yake, nikamkimbilia.

Ijumaa, 9 Julai

Mpaka wa Uganda umefungwa. Redio imesema asubuhi na imerudia mchana.

Jumatano, 14 Julai

Thobias amekuja bila lori. Amepanda basi kutoka Biharamulo, kuaga tu. Lori limebaki Masaka, upande wa pili. Umoja kwa upande huu umekwisha, anasema, au umelala, nani ajuaye. Bukoba wananunua kwa wauzaji wa jumla wa mjini. Buseresere wamefunga. Sisi tutafute njia yetu Kahama au Mwanza.

Tulikaa mlangoni tukiutazama ukuta mweupe. Akasema ile shingo ilikuwa ndefu mno. Nikasema iache, ilikuwa nzuri.

Nikamwuliza, "Kisumu kunafikikaje sasa?"

"Kwa meli kutoka Mwanza. Huko hakujafungwa." Akanitazama. "Shemeji, yule mwanamke anauliza kila dereva. Kila anayetoka huku. Hata wasiokujua."

Tangu Mei hadi leo sijajibu, na yeye anauliza kila dereva.

Alhamisi, 15 Julai

Nimemwambia mama nakwenda Kisumu kumleta Justina.

Kumleta. Ndivyo nilivyosema. Neno lilitoka lenyewe. Mama akatikisa kichwa, ameridhika.

Kisha nikamwambia Salvina, nikasema tunakwenda kwa mama. Maneno mawili tofauti, kinywa kimoja, siku moja.

Jumanne, 3 Agosti

Nimetoka Kahama kutafuta karatasi za safari. Nimezipata! Afisa aliuliza sababu ya kwenda Kenya. Nikasema mke. Akaandika: matembezi.

Yule fundi cherehani wa Masumbwe alikuja Jumapili na wazee wake. Mama alikuwa upande wa Apolonia, akabishana nao kwa niaba ya ukoo wake kana kwamba ni binti yake wa kumzaa. Ndoa baada ya mavuno ya pamba ya mwakani. Mpaka wakati huo Apolonia atakaa hapa, atashika duka na mama. Mama anashika funguo, kifuani, ndani ya kanga.

Jumatano, 11 Agosti

Tumeondoka alfajiri. Mama alitusindikiza hadi kituo cha basi, amebeba kifurushi. Michembe. Viazi alivyokata na kuanika mwenyewe.

"Mpelekee," akasema. "Huko ziwani wanakula samaki tu."

"Si nitarudi naye, Mayu? Atakula hapa."

Alinitazama usoni. Mama hajui kusoma, lakini uso wa mtu anausoma vizuri. "Mpelekee," akarudia. Kisha akainama kwa Salvina, akamshika masikio yote mawili, akamwambia jambo kwa Kisukuma polepole sana, na mtoto akaitikia kila neno. Basi likapiga honi. Sikusikia walichosema. Salvina hataki kusema.

Mimi nilisahau kuaga kaburi la baba. Nimekumbuka tukiwa Buseresere. Pale kwenye duka lililofungwa korongo bado yuko ukutani, hawakumpaka chokaa. Salvina akamwona, akapiga makofi, basi zima likageuka.

Alhamisi, 12 Agosti

Tumelala Geita kwa binamu. Vumbi. Wachimbaji wanauza redio, wanauza masanduku, wananunua pombe. Mmoja akaniuliza nakimbilia wapi na mtoto. Nikamwambia namfuata mke. Akafikiri ni mzaha.

Kwenye pantoni ya Busisi nilijaribu kuyasema maneno nitakayomwambia Justina. Salvina alikuwa akitazama maji. Nilisema kwa sauti ndogo: Mama Salvina, nimekuja, twende nyumbani. Nikajaribu tena. Mama Salvina, nimekuja. Twende. Mara ya tatu nikaishia kwenye nimekuja.

Ijumaa, 13 Agosti

Mwanza. Bandarini. Meli iko hapa, nyeupe, kubwa kuliko nilivyodhani. Inaondoka leo. Watu, mizigo, kuku, mapadri wawili, mama mmoja na cherehani kichwani. Ziwa halina mwisho. Na mwisho wake ni yeye.

Nilipanga foleni tangu asubuhi. Mbele yangu watu walikuwa wanajibu upesi upesi, nilidhani ni jambo rahisi. Zamu yangu ikafika. Karani kijana, shati jeupe, kalamu nyuma ya sikio.

"Kisumu?"

"Kisumu."

"Wangapi?"

"Mimi na mtoto."

"Kwenda tu, au na kurudi?"

"Na kurudi."

"Kurudi wangapi?"

Nikageuka kuitazama meli. Akadhani sikusikia, akarudia pole pole, kama kwa mtu wa shamba. "Mzee, mnakwenda wawili. Kurudi mtakuwa wangapi? Watatu? Wawili? Wewe peke yako? Au hamrudi? Niandike nini?"

Nyuma wakaanza kuguna. Nikasema nipe muda kidogo. Akasema muda ndio huu, lakini sogea pembeni ufikiri, ngoja niwahudumie wenzako.

Nimekaa juu ya kifurushi cha michembe, daftari gotini. Nayaona majibu yote manne. Watatu: atashuka ngazi hii nyuma yangu, Runzewe, kaunta, chumvi, na hatanung'unika, alisema hatanung'unika. Najua hatanung'unika. Hilo ndilo linaloniogopesha. Hamrudi: mama na funguo zake kifuani, na baba hapo nyuma ya duka, na mimi Kisumu, mume wa Madam, nakata sabuni chini ya jina lake. Nimejaribu kuona aibu. Sioni. Naona mikono yake kwenye mizani tu.

Honi ya kwanza imepigwa. Wapagazi wanakimbia.

Salvina amesimama dirishani kwa karani, alikataa kuja kukaa, anashika nafasi yetu. Sasa amekuja ananivuta shati.

"Baba, watu wamekwisha. Tumebaki sisi tu."

Kweli. Dirisha liko wazi, hakuna mtu. Karani ameshika kalamu, ananitazama, na mimi bado naandika. Nitamwambia aandike kwenda tu, wawili; ya kurudi nitayasema na Justina, ana kwa ana.